Mkataba kati ya mfasiri wa kujitegemea na mteja wake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umekusanya maswali ambayo wafasiri na wahariri wa kujitegemea hurudia kuyauliza wanapotaka kuandikiana mkataba na mteja. Majibu yanafuata sheria za Tanzania Bara, na pale ambapo Kenya inatofautiana katika jambo linalogusa mfuko wako, tofauti hiyo imetajwa. Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine.

## Misingi

1. Je, makubaliano ya mdomo au ya WhatsApp ni mkataba?

Ndiyo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haidai kwamba kila mkataba uwe wa maandishi. Kifungu cha 10 kinataka mambo mengine: watu wenye uwezo wa kisheria, yaani wenye umri wa kutosha na akili timamu, wawe wamekubaliana kwa hiari yao, kila mmoja akitoa kitu na kupata kitu, kwa lengo lisilokatazwa na sheria. Mteja aliyekuandikia "sawa, bei nimeikubali, anza kazi" amefunga mkataba nawe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 nayo inatambua mikataba iliyofungwa kwa njia ya kielektroniki.

Uhalali, basi, si tatizo. Tatizo ni kwamba makubaliano ya simu husema machache mno. Hutaja bei na siku ya kukabidhi, yakaishia hapo, bila kusema ni nani atakayeamua kwamba tafsiri ni nzuri, wala maoni yatarudishwa mara ngapi, wala itakuwaje mteja akibadilisha waraka ukiwa katikati ya kazi. Katika kazi yetu, magomvi mengi huzuka katika mambo hayo ambayo hayakutajwa, na ni machache sana yanayozuka katika bei yenyewe.

2. Kazi ni ya siku mbili tu. Bado niandike mkataba?

Andika, lakini usiandike kurasa kumi. Barua pepe moja inayotaja kazi, idadi ya maneno, bei, siku ya kukabidhi, siku ya kulipwa na idadi ya marekebisho, ikajibiwa "nimekubali" na mtu mwenye mamlaka (tazama swali la 6), inatosha kabisa. Mkataba mrefu kwa kazi ya shilingi laki moja humtisha mteja bure.

3. Mteja amenipa LPO (hati ya agizo la ununuzi). Je, hiyo si mkataba tayari?

Kotesheni au ankara ya profoma ni bei unayopendekeza wewe. LPO ni agizo la mteja, na mara nyingi huwa jibu la kuikubali kotesheni yako, hivyo vikiunganishwa vinaweza kufanya mkataba. Soma nyuma ya LPO kabla ya kushukuru, kwa sababu taasisi nyingi huchapa huko masharti yao kwa herufi ndogo, yakiwamo ya kulipa baada ya siku 60 au 90. Ukianza kazi bila kuyapinga, itakuwa vigumu kudai baadaye kwamba hukuyakubali.

Njia rahisi ni kuweka masharti yako ndani ya kotesheni yenyewe, kisha kuomba LPO itaje namba na tarehe ya kotesheni hiyo.

4. Mkataba uandikwe kwa Kiswahili au kwa Kiingereza?

Kwa lugha ambayo pande zote mbili zinaielewa. Mkataba wa Kiswahili una nguvu ileile, na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama Tanzania. Mkataba ukiwa katika lugha mbili, andika wazi ni nakala ipi itakayofuatwa zikitofautiana. Inashangaza ni wafasiri wangapi wanaosahau sharti hili, ilhali sisi ndio tunaojua kuliko wengine jinsi nakala mbili zinavyoweza kutofautiana.

5. Je, ninahitaji wakili, shahidi na stempu?

Wakili si lazima. Kwa mkataba mkubwa, au wenye masharti ya fidia usiyoyaelewa, ada ya kusomewa mkataba mara moja ni fedha iliyotumika vizuri. Shahidi si lazima pia, ingawa anasaidia pale mtu anapokana saini yake.

Stempu ni jambo ambalo watu hulipuuza hadi siku ya kesi. Chini ya Sheria ya Ushuru wa Stempu, Sura ya 189, waraka unaopaswa kulipiwa ushuru huo na haukulipiwa unaweza kukataliwa kuwa ushahidi mahakamani hadi ushuru na adhabu yake vilipwe. Kwa mkataba wenye thamani ya kukufanya ukose usingizi, pitia ofisi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) mapema baada ya kusaini.

## Pande za mkataba

6. Jina la mteja niliandikeje, na nani anapaswa kusaini?

Liandike kama lilivyosajiliwa, si kama lilivyo kwenye bango la ofisi. Kampuni iliyosajiliwa BRELA, yaani wakala wa usajili wa biashara wa Tanzania, ni mtu kisheria, na inaweza kushtakiwa kwa jina lake. Jina la biashara si mtu, kwa hiyo ukiandikiana na duka la vitabu au studio iliyosajiliwa kama jina la biashara tu, andika jina la mmiliki na useme kwamba anafanya biashara kwa jina hilo. Usajili wa kampuni unaweza kuuangalia katika mfumo wa BRELA wa mtandaoni, na kwa Kenya kupitia eCitizen.

Anayesaini awe na mamlaka. Ofisa mawasiliano aliyekupigia simu kwa bashasha huenda hana uwezo wa kuifunga taasisi yake hata kwa shilingi elfu kumi. Muulize bila kuona haya: "Mikataba ya huduma hapa kwenu husainiwa na nani?" Kisha andika cheo cha msaini chini ya jina lake.

7. Mteja ni ndugu yangu, au rafiki wa siku nyingi. Kumpa mkataba si kumdharau?

Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na hawakuwatoa ndugu katika usemi huo. Kama neno "mkataba" linachoma, liache. Mtumie ujumbe wa "kumbukumbu ya tulichokubaliana" wenye mambo yaliyotajwa katika swali la 2, umwombe akujibu kama kuna ulichokosea. Ukitaka kumpunguzia bei, andika bei kamili, kisha punguzo, ili atakapomleta rafiki yake aijue bei ya kweli.

## Mawanda ya kazi

8. Nihesabu maneno ya matini chanzi (waraka wa mteja) au ya matini lengwa (tafsiri yenyewe)?

Ya matini chanzi, na kwa anayetafsiri kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili sababu iko ndani ya sarufi yetu wenyewe. Neno moja kama "sikumwona" limebeba mtenda, ukanushi, wakati, mtendwa na kitenzi, mambo ambayo Kiingereza huyasema kwa maneno matano. Kwa kawaida, basi, tafsiri ya Kiswahili huwa na maneno machache kuliko waraka wake wa Kiingereza, hata kama kurasa zinazojaa ni zilezile. Tuseme waraka una maneno 12,000 ya Kiingereza na tafsiri yake imetoka na maneno 10,000. Kwa bei ya shilingi 60 kwa neno, hesabu ya chanzi ni shilingi 720,000, na hesabu ya lengwa ni shilingi 600,000. Shilingi 120,000 zimeondoka kwa sababu mkataba ulisema "kwa neno" bila kusema neno lipi.

Anayetafsiri kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza hukumbwa na kinyume chake, na wengi huomba kuhesabiwa lengwa. Mimi naona ni afadhali kubaki na chanzi na kupandisha bei ya neno, kwa kuwa matini chanzi iko mezani kabla ya kazi kuanza, na kila upande unajua jumla ya malipo tangu siku ya kwanza.

Bei kwa ukurasa inahitaji fasili yake yenyewe: ukurasa ni maneno mangapi? Wapo wanaohesabu 250 na wapo wanaohesabu 300, na mteja mwenye majedwali yenye herufi ndogo atakuletea ukurasa wenye maneno 700. Kumbuka pia kwamba maandishi yaliyo ndani ya picha na michoro hayahesabiwi na programu ya kuandikia. Kifungu kinachoziba mianya hiyo kinaweza kusomeka hivi:

"Malipo yatahesabiwa kwa idadi ya maneno ya matini chanzi kama yalivyo katika faili lililotumwa na Mteja tarehe 3 Machi, pamoja na tanbihi, vichwa vya majedwali na maandishi yaliyo ndani ya michoro."

9. Kazi inahesabiwa kuwa imekamilika lini?

Swali hili ndilo lenye kugharimu watu zaidi, na mimi nililipia karo yake. Niliwahi kutafsiri mwongozo wa afya wa kurasa sabini nikaukabidhi siku mbili kabla ya muda. Msomaji wa kwanza wa upande wa mteja alitaka kila penye "mgonjwa" pawe "mteja", kama wanavyosema watu wa vituo vya afya siku hizi. Nikabadilisha. Msomaji wa pili, mwezi uliofuata, akauliza kwa nini wagonjwa wanaitwa wateja kana kwamba wamekuja dukani. Nikarudisha. Wa tatu akalalamika kwamba istilahi hazilingani, na alikuwa na haki, kwa kuwa sehemu nyingine zilibaki na neno moja na nyingine na jingine. Mkataba wangu ulisema nitalipwa "baada ya kazi kukubaliwa" bila kusema ikubaliwe na nani wala kwa muda gani. Nililipwa mwezi wa nane tangu kukabidhi.

Tangu hapo, mikataba yangu yote ina kifungu hiki:

"Mteja atawasilisha maoni yake yote kwa pamoja, kupitia mtu mmoja aliyetajwa katika mkataba huu, ndani ya siku 10 za kazi tangu kupokea tafsiri. Siku hizo zikipita bila maoni, kazi itahesabiwa kuwa imepokelewa na kukubaliwa, na ankara itakuwa imefikia wakati wa kulipwa."

Kisha tenganisha aina tatu za maoni. Kosa ni lako: umeruka sentensi, umekosea tarakimu, umetafsiri sivyo. Hilo utalisahihisha bure, hata baada ya miezi. Pendeleo ni la msomaji, kama vile "kuboresha" badala ya "kuimarisha", na hayo yawekewe ukomo wa duru mbili. Mabadiliko katika matini chanzi si marekebisho kabisa, ni kazi nyingine, na yanajibiwa katika swali la 10. Kwa kazi kubwa, dai orodha ya istilahi ikubaliwe kwa saini kabla hujatafsiri ukurasa wa pili. Laiti ningekuwa nayo, "mgonjwa" na "mteja" wangemalizana siku ya kwanza.

10. Mteja anaongeza kazi katikati. Nifanyeje?

Andika ndani ya mkataba kwamba nyongeza yoyote itakubaliwa kwa maandishi, pamoja na bei na muda wake, kabla haijaanza kufanywa. Nyongeza ikija, usigombe. Jibu kwa barua pepe fupi: maneno 1,500 yameongezeka, gharama ni kiasi fulani, na tarehe ya kukabidhi inasogea kwa siku mbili, naomba uthibitisho. Wengi huthibitisha, na wengine hugundua ghafla kwamba nyongeza hiyo haikuwa na ulazima.

11. Tarehe na saa ya kukabidhi ziandikwe vipi?

Kwa uangalifu mkubwa kuliko lugha nyingine inavyohitaji. "Saa 4 asubuhi" kwetu ni saa ambayo mteja wa London anaiita ya kumi, na mteja huyo akisoma namba tu atasubiri faili alfajiri. Tumia mfumo wa saa 24 pamoja na jina la mji: "tarehe 10 Juni, 17:00, saa za Dar es Salaam". Epuka maneno kama "usiku wa Ijumaa", kwa kuwa kwa watu wengi wa Pwani huo ni usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi ikishachwa, na kwa wengine ni siku yenyewe jua likishazama.

Sema pia kama unahesabu siku za kalenda au siku za kazi, na sikukuu za nchi ipi. Idd hufuata kuandama kwa mwezi, kwa hiyo kwa kazi inayoishia mwishoni mwa Ramadhani weka siku moja ya ziada.

12. Mkataba useme lolote kuhusu programu za kutafsiri?

Useme. Wateja sasa wako wa aina mbili: wale wanaokataza kabisa waraka wao kupitishwa kwenye programu, na wale wanaoleta tafsiri iliyotoka kwenye programu wakitaka "uipitie tu" kwa robo ya bei. Kwa wa kwanza, tazama swali la 18. Kwa wa pili, omba sampuli ya kurasa mbili kabla ya kutaja bei, na ujiwekee haki ya kuihamisha kazi kwenye bei ya tafsiri kamili endapo sentensi nyingi zitahitaji kuandikwa upya. Kunyoosha tafsiri mbovu huchukua muda sawa na kutafsiri upya, na wakati mwingine zaidi.

## Malipo

13. Nidai malipo ya awali kiasi gani?

Hakuna kiwango cha sheria. Mimi hudai nusu kwa mteja mpya, theluthi kwa mteja wa zamani, na kwa kazi inayozidi mwezi mmoja hugawa malipo kwa sura au kwa awamu. Kifungu chenye manufaa ni kile kinachosema kwamba muda wa kukabidhi unaanza kuhesabiwa siku malipo ya awali yatakapoingia. Bila hicho, advansi itaingia wiki ya tatu, na tarehe ya mwisho itabaki palepale.

14. Kodi ya zuio ni nini, na inaandikwa wapi?

Taasisi inayokulipa kwa huduma ya kitaalamu, nawe ukiwa mkazi wa Tanzania, hukata asilimia 5 ya ada na kuipeleka TRA kwa niaba yako. Kiwango cha Kenya kwa mkazi pia ni asilimia 5. Kwa ankara ya shilingi 2,000,000 utapokea shilingi 1,900,000, na hujaibiwa: shilingi 100,000 ni kodi yako iliyolipwa mapema, mradi upewe cheti cha kodi ya zuio cha kuonyesha wakati wa ritani, yaani taarifa ya mapato unayowasilisha TRA. Kifungu kimtake mteja akupe cheti hicho pamoja na malipo, kwa sababu baada ya mradi kufungwa hutampata mhasibu wa kukutafutia.

Andika kama bei ni kabla au baada ya makato. Ukikubaliana kwamba shilingi 2,000,000 ziingie mkononi kamili, ankara inapaswa kuwa 2,000,000 kugawanya kwa 0.95, yaani takribani shilingi 2,105,263. VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ni suala jingine, na inakuhusu ukiwa umesajiliwa tu.

15. Mteja anataka kuandika kwamba atanilipa "mfadhili akishatoa fedha". Nikubali?

Hapana, kama una njia nyingine. Kifungu hicho kinakufanya wewe kuwa mkopeshaji wa mradi usioujua, na siku mfadhili akijitoa, mteja atakuonyesha sentensi uliyoisaini. Pendekeza tarehe: malipo yafanyike mfadhili atakapotoa fedha au siku 45 baada ya kazi kukubaliwa, lolote litakalotangulia. Akigoma hata hapo, jibu lake limekueleza mengi kuhusu akaunti yake.

16. Naweza kuandika bei kwa dola?

Kwa huduma inayouzwa ndani ya Tanzania, hapana. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizoanza Machi 2025 zinakataza kutangaza, kutaja au kupokea bei kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani ya nchi, kwa hiyo mkataba wako na shirika lililoko Mikocheni uandikwe kwa shilingi, hata kama bajeti yake ni ya dola. Kwa mteja wa nje ya nchi, tazama swali la 22.

17. Naweza kuweka faini ya kuchelewa kulipa?

Unaweza kuandika kiasi, kwa mfano asilimia 2 kwa kila mwezi wa kuchelewa. Ila chini ya kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba, kiasi mlichoandika ni dari tu: mahakama hutoa fidia inayoridhisha, isiyozidi hicho mlichotaja. Faini ya asilimia 50 itapunguzwa, na itakuwa imekuharibia sura bure. Kwa uzoefu wangu, kifungu chenye nguvu zaidi ni kile kinachokuruhusu kusimamisha awamu inayofuata hadi iliyotangulia ilipwe.

## Haki na usiri

18. Hakimiliki ya tafsiri ni ya nani, na usiri unahusu nini?

Tafsiri ni kazi inayolindwa yenyewe, mbali na matini yake. Kwa Kenya, jibu la sheria liko wazi na linawashangaza wengi: chini ya kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, hakimiliki ya kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kwa Tanzania, ambako kazi zetu ziko chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Sura ya 218, usiiachie sheria ikujibie, andika. Pendekezo langu ni sentensi moja: haki za matumizi ya tafsiri zitahamia kwa Mteja siku atakapokamilisha malipo yote, si kabla. Kama ni kitabu, ongeza kwamba jina la mfasiri litachapwa, na useme ukurasa gani.

Mteja naye athibitishe kwamba ana haki ya kuagiza tafsiri ya matini hiyo, ili mwandishi wa awali akijitokeza asije mlangoni kwako.

Kuhusu usiri, taja kinachofichwa, kwa muda gani, na faili zitafutwa lini. Nyaraka zenye majina na taarifa za afya za watu zinaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kuzipakia kwenye programu ya bure ya mtandaoni ni kuzitoa nje ya mikono yako. Ukitaka kumgawia mwenzako sehemu ya kazi, pata ruhusa ya maandishi kwanza, kisha umsainishe mwenzako usiri uleule.

## Mambo yakiharibika

19. Mteja akisitisha kazi katikati nitapata nini?

Utakachokuwa umekiandika. Kifungu cha kawaida ni kwamba maneno yote yaliyokwisha kutafsiriwa hadi siku ya notisi yatalipwa kwa bei kamili, na malipo ya awali hayarudishwi. Kwa kazi iliyokufanya ukatae nyingine, ongeza asilimia fulani ya sehemu iliyobaki, na iwe ya kiasi kwa sababu iliyotajwa katika swali la 17. Ukisitisha wewe, mteja apate kilichokamilika na orodha ya istilahi.

20. Umeme au intaneti ikikatika, je, ni dharura inayonisamehe?

Si rahisi. Sheria humsamehe mtu pale kazi inapokuwa haiwezekani kufanyika, na kukatika kwa umeme ni jambo ambalo mtu yeyote anayeishi hapa alipaswa kulitarajia. Lakini yako matukio makubwa zaidi: Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikadorora katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki kwa wakati mmoja. Andika kwamba hitilafu ya kitaifa au ya kikanda inayozidi saa 24 itasogeza tarehe kwa muda uleule, na kwamba utamjulisha mteja kwa simu ndani ya siku moja. Mgao wa mtaani kwako ni juu yako na chaji ya kompyuta yako. Ugonjwa uandikiwe sentensi yake.

21. Mteja anakwepa kulipa. Nianzie wapi?

Anza kwa barua ya madai, si kwa matusi kwenye mitandao. Taja mkataba, tarehe ya kukabidhi, ankara, kiasi, na siku 14 za kulipa. Wengi hulipa hapo, hasa barua ikipelekwa kwa mkono na nakala yako kugongwa muhuri wa kupokelewa.

Asipolipa, madai madogo yatokanayo na mkataba yanaweza kufunguliwa katika mahakama ya mwanzo, ambako shauri huendeshwa kwa Kiswahili na unaweza kujisimamia mwenyewe. Kenya ina Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi mwaka 2021 chini ya sheria ya mwaka 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja za Kenya na kutakiwa kuyamaliza ndani ya siku 60. Katika nchi zote mbili ukomo wa kufungua dai la mkataba ni miaka sita.

Ushahidi wako ukiwa kwenye simu, usifute mazungumzo wala kuiuza simu hiyo. Picha ya skrini peke yake ni rahisi kutiliwa shaka, kwa hiyo uwe tayari kueleza ilitoka kifaa gani na kilitunzwaje. Barua pepe zihifadhiwe zilivyo, pamoja na viambatisho.

22. Mteja yuko nje ya nchi. Nibadilishe nini?

Andika sheria ya nchi ipi itafuatwa, nani atabeba gharama za benki za kutuma fedha, na kwamba kiasi ni kile kitakachofika. Kanuni zilizotajwa katika swali la 16 zinahusu bei za ndani ya nchi, hivyo mteja wa London anaweza kulipa kwa fedha yake.

Tanzania imo katika Mkataba wa New York wa kutambua tuzo za usuluhishi, yaani maamuzi ya wasuluhishi wa nje ya mahakama, tangu mwaka 1964, na Kenya tangu 1989, lakini kwa dai la dola 400 gharama za usuluhishi zitakula dai lenyewe. Kinga yako ya kweli ni awamu fupi: tafsiri maneno 3,000, lipwa, endelea.

23. Nimemfanyia kazi mteja mmoja kwa miaka miwili, kila siku, ofisini kwake. Bado mimi ni wa kujitegemea?

Huenda si hivyo, hata kama mkataba wako unakuita mkandarasi. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vingine, ikiwapo hata dalili moja kati ya kadhaa: anasimamiwa namna ya kufanya kazi, saa zake zinapangwa na mwingine, amefanya kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anategemea kipato cha mtu huyo, au anapewa vifaa na mtu huyo.

Hili linaweza kukufaa au kukukwaza. Ukiachishwa ghafla, linaweza kukufungulia mlango wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako madai ya ajira hupelekwa. Ukitaka kweli kubaki huru, mkataba na mazoea vilingane: tumia kompyuta yako, panga saa zako, toa ankara kwa kazi badala ya kwa mwezi, na usisaini kifungu kinachokukataza kuwa na wateja wengine.